Wananiita farumi: nishuke Cape Town au niendelee hadi Rio?

Swali: Nina miaka 25, mzaliwa wa Tudor, Mombasa. Nimefanya kazi miaka mitatu kwenye boti za matanga za kukodi pale Mtwapa. Mwezi uliopita nilipata nafasi ya kujitolea kwenye yoti ya mbio ya futi 50 yenye watu tisa, nikawakuta Durban tukaileta Cape Town. Kutoka hapa tunashindana hadi Rio de Janeiro. Njiani msaidizi wa nahodha, ambaye ndiye mkubwa wa zamu yangu, alinibandika jina la Kiingereza lenye maana ya farumi, ule mzigo wa kutuliza chombo tu, na wenzake wakalidaka. Usukani niliushika mara moja tu. Jikoni ni mimi, kufua ngama (maji yanayojikusanya chini ya boti) ni mimi. Mara nyingi niliamshwa zamu ikiwa karibu kuanza, kisha nikatukanwa kwa kuchelewa. Nahodha anaona, hasemi. Mjomba wangu aliyekuwa baharia wa jahazi ananiambia nivumilie, bahari ndivyo ilivyo. Zimebaki siku tisa mbio zianze. Nifanye nini, na je, kushuka kutaniharibia jina?

Jibu: Mjomba wako tunamheshimu, na kwa jahazi alilopanda yeye huenda ushauri wake ulifaa. Jahazi la kwenda Lamu au Zanzibar lilikuwa na bandari mbele yake kila baada ya siku chache, na ugomvi ukizidi mtu alibeba mzigo wake akashuka. Tena nahodha na mabaharia wake walikula sinia moja, hivyo aliyetengwa alionekana pale pale kwenye chakula. Yoti ya mbio haina viwili hivyo. Kati ya Cape Town na Rio ni zaidi ya maili za baharini 3,200 hata ukipiga mstari wa mkato, na boti hazipigi mkato. Hupanda kaskazini kwanza kuukwepa utulivu wa katikati ya Atlantiki Kusini. Kwa boti ya ukubwa wenu hesabu kama wiki tatu, upepo ukikubali. Kisiwa cha Saint Helena kipo, lakini hakuna nahodha wa mbio atakayepinda njia kwa sababu watu wawili hawasalimiani. Lolote unalotaka lirekebishwe, lirekebishwe kamba zikiwa bado zimefungwa gatini.

Kwanza tutenganishe mambo ambayo watu huyachanganya. Ukali wa kazi upo na utaendelea kuwepo. Spinaka, lile tanga kubwa la mbele linalofutuka kama puto, inaposhushwa upepo ukivuma maili 30 kwa saa, hakuna mwenye nafasi ya kusema tafadhali. Kamba iliyoviringishwa kwenye winchi (pipa dogo la kukazia kamba) inaweza kukukata kidole kabla hujajua imevutika. Ukali wa namna hiyo humpata yeyote aliye karibu na kamba, na huisha tanga likishatulia. Utani nao una alama yake: unarudishika. Ukimtania mkubwa wa zamu naye akacheka, na ukisema basi wakaacha, huo ni utani hata kama lugha yake si ya barazani. Uonevu huelekea kwa mtu mmoja, huendelea hata bahari ikiwa shwari, na polepole huanza kugusa usingizi wake, chakula chake na usalama wake.

Kwa kipimo hicho, jina la farumi peke yake tusingelipa uzito mkubwa. (Kwa kweli kwenye yoti ya mbio kila mtu ni farumi: boti ikilala upande, wote mnapangwa ukingoni mwa upande wa goshini, unakotoka upepo, miguu ikining'inia, ili uzito wenu uinyanyue.) Lililotushtua katika barua yako ni kule kuamshwa.

Uonevu kwenye boti hizi mara chache huja kwa ngumi. Huja kwa orodha ya zamu. Aliye na kalamu ya orodha ndiye anayegawa usingizi, chakula, usukani na kitanda, na kwa wiki tatu hutakuwa na mali nyingine zaidi ya hizo. Kwa hiyo usianze na maneno waliyokwambia. Anza na orodha.

Chukulia nahodha hasimami zamu, jambo la kawaida kwa idadi yenu. Wanane mnagawanyika wanne wanne. Mpangilio wa masaa manne kazini na masaa manne mapumziko unaikata siku vipande sita. Sita ni shufwa, maana yake zamu inayopewa saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri leo itaipata kesho, keshokutwa na kila usiku hadi Rio. Hapo hakuna aliyekuchukia. Hesabu yenyewe ndiyo inayokuonea, na watu wanne waliochoka hutafuta mmoja wa kumtupia uchovu wao. Dawa yake inajulikana siku nyingi: vipande vitano. Saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, saa nane hadi saa mbili usiku, kisha vitatu vya masaa manne: saa mbili hadi saa sita usiku, saa sita hadi saa kumi, saa kumi hadi saa mbili asubuhi. Tano ni witiri, hivyo zamu hujibadilisha zenyewe kila siku. Ukikuta boti yenu inatumia vipande sita, hilo ni pendekezo unaloweza kulitoa bila kumlaumu mtu.

Ndani ya zamu yenyewe hesabu ni nyepesi zaidi. Watu wanne, masaa manne, nusu saa ya usukani kila mtu, mara mbili. Mtu anaweza kuwa dhaifu usukani na zamu yake ikafupishwa usiku wa bahari chafu. Hilo halina ubaya, maana nusu saa ya usukani mbovu hula maili. Lakini mchana, upepo ukiwa wa kawaida, mtu asiyepewa usukani hajifunzi, na asiyejifunza anabaki kuitwa mzigo. Huo ndio mduara uliotiwa ndani yake.

Jikoni, watu wanane ni siku moja kila baada ya siku nane. Zamu ya jikoni ina malipo yake: mpishi wa siku hiyo hapandi juu usiku, analala usiku mzima, na usingizi huo ndio unaowafanya watu waigombee. Kama wewe ulipika kila siku na bado ukasimama zamu za usiku, ulibeba kazi ya watu wawili. Mwambie nahodha kwa maneno hayo hayo, kwani nahodha wa mbio anaelewa lugha ya nguvu kazi kuliko lugha ya uchungu. Ngama nayo ipangwe hivi: anayetoka usukani ndiye anayekagua ngama na kuandika kwenye daftari la safari saa na kiasi cha maji kilichotolewa. Faida yake si haki tu. Mkiandika kila nusu saa, boti ikianza kuvuja mtajua mapema. Ikiwa ni kazi ya mtu mmoja aliyechoka, mtajua vitanda vikishaloa.

Sasa kuamshwa. Mtu anayetolewa kwenye usingizi mzito huhitaji dakika 15 hadi 30 akili ikae sawa. Halafu avae: nguo za joto, suruali na koti la mvua, buti, jaketi la uokozi, kamba ya usalama, vyote hivyo ndani ya chumba kilicholala upande na chenye unyevu. Dakika kumi ni za aliyezoea. Kwa hiyo zamu ya saa sita usiku inaitwa saa tano na dakika 35, na anayeamsha hasemi tu "amka". Anataja upepo ulivyo, matanga yaliyo juu na nguo za kuvaa. Anarudi saa tano na dakika 50 kuhakikisha miguu iko chini. Kisha anaandika daftarini: nani ameitwa, saa ngapi. Mchezo wa kukuamsha dakika tano kabla kisha kukutukana hufa siku ile ile mtu anapolazimika kuandika saa. Wewe mwenyewe, nunua saa ya mkononi inayotetemeka, uitege nusu saa kabla. Si wajibu wako, ila inamnyang'anya silaha.

Unauliza kimoyomoyo kwa nini watu wazima wanafanya haya. Ukifanya zamu za masaa manne, toa muda wa kula, kuvua na kuvaa, usingizi wa mfululizo hauzidi masaa matatu. Mwili unataka kiasi cha kalori 4,000 kwa siku na zaidi kwenye baridi, na chakula ni cha pakiti kilichokaushwa, kinachotiwa maji moto na kuliwa kwa kijiko mtu akiwa amesimama. Siku za kwanza baadhi ya watu wanatapika. Nawe uliingia Durban ukakuta kundi limeshajuana, tena kwenye kipande kibaya: mkondo wa Agulhas unateremka kusini-magharibi, na upepo wa kusini-magharibi ukiupinga, mawimbi husimama kama kuta. Watu waliogopa pale, na aliyeogopa mara nyingi humkemea mgeni. Mkubwa wa zamu naye kwa kawaida huchaguliwa kwa kujua kurekebisha matanga. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kukaa na watu. Tunaeleza tu, hatumtetei.

Ukimya wa nahodha usiusome haraka kuwa ni chuki. Mara nyingi analala wewe ukiwa juu. Mara nyingi pia anamhitaji yule msaidizi, kwa sababu ndiye mtu wa pili anayeweza kuachiwa boti usiku, na hataki kumuudhi kwa jambo ambalo hakuna aliyemletea rasmi. Mletee rasmi.

Usiku huu kaa chini uandike kutoka kichwani, kabla kumbukumbu haijachakaa. Kila tukio mistari miwili: tarehe, saa, nani, alisema au alifanya nini, nani alikuwepo. Usiweke neno kama "ukatili" au "dharau". "Niliamshwa saa tano na dakika 55 kwa zamu ya saa sita, tarehe fulani, fulani akiwepo" linatosha na halibishiki. Piga picha kurasa hizo umtumie mtu wa nyumbani.

Kwa kawaida tungekwambia uanze na mhusika mwenyewe, ana kwa ana. Kwako tunaona uende kwa nahodha moja kwa moja, kwa kuwa anayekusumbua ndiye anayekupangia kazi. Mchague asubuhi, mkiwa mmeshapata usingizi wote wawili, nje ya boti: gatini, au kwa kikombe cha chai. Usimkute jioni wakiwa wanakunywa, wala wakati wa kupakia chakula. Omba dakika ishirini. Mpe maneno mafupi yenye tarakimu: "Kutoka Durban nimeshika usukani mara moja. Nimepika siku zote. Nimeamshwa chini ya dakika kumi kabla ya zamu mara kadhaa, tarehe hizi hapa. Nataka kuendelea na safari, na ninaomba mambo manne." Mambo manne ni haya: orodha ya zamu, jikoni na usukani iandikwe na kubandikwa juu ya meza ya ramani, saa ya kuamsha iandikwe daftarini, uhamishiwe zamu ya pili, na watu wote tisa wale mlo mmoja pamoja kila siku, saa nane mchana zamu zinapopishana. Hilo la mwisho lisionekane dogo. Ndiyo sinia yenu. Dakika ishirini ambazo kila jicho linamwona kila mtu, na mwenye lake hulisema likiwa bado changa.

La jina lisiwe kwenye orodha ya madai, ila litaje mwishoni: "Naomba niitwe kwa jina langu." Basi. Ukilifanya kubwa watalishika kama mpini. Ukilitaja mara moja mbele ya nahodha, atakayelirudia atakuwa amejionyesha.

Kisha mwombe mtoke kwenda baharini usiku mmoja kwa mazoezi na orodha mpya. Boti nyingi hufanya hivyo kabla ya mbio hata bila ugomvi. Usiku huo ndio utakaokupa jibu la swali lako. Ikiwa umeamshwa kwa wakati, umeshika usukani zamu yako, na msaidizi ameonekana kubanwa na orodha hata kama amenuna, nenda Rio. Kununa hakumzamishi mtu. Ikiwa nahodha alicheka, akasema "jikaze", au aliahidi kisha usiku ule ukaenda kama zamani, shuka. Amua zikiwa zimebaki siku tano, ili nahodha apate wa kujaza nafasi yako na karatasi zako zishughulikiwe bila papara.

Karatasi zenyewe: paspoti mara nyingi hukusanywa na nahodha kwa ajili ya uhamiaji, na hilo si kosa, lakini ujue iko droo gani na uwe na nakala nyumbani. Ukishuka, hakikisha jina lako limeondolewa kwenye orodha ya mabaharia mbele ya maafisa wa uhamiaji. Ukiondoka kimya kimya unaweza kuhesabiwa baharia aliyetoroka. Weka fedha za tiketi ya kurudi Mombasa mahali pako mwenyewe, zisipitie kwa mtu wa boti. Na kabla ya kwenda Rio, pata kwa maandishi nani analipa nauli yako ya kurudi kutoka huko.

Uliza pia nani ana neno la siri la simu ya setilaiti, na kama kila mtu ana haki ya ujumbe wake usiosomwa. Hata ukipewa haki hiyo, wekeana ishara na wa nyumbani. "Msalimie bibi wa Likoni", ilhali huna bibi Likoni, inatosha kumfanya dada yako apige simu kwa waandaaji wa mbio. Namba ya afisa wa zamu wa waandaaji aiandike kabla hujaondoka, pamoja na jina la boti na namba yake ya tanga.

Mkishang'oa nanga, mazungumzo yana mipaka. Mtu akikupiga, akikutishia kukutupa, akikunyima maji ya kunywa, au akikuagiza uende omo (mbele ya boti) usiku bila jaketi na kamba ya usalama, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Kataa kwa sauti wengine wasikie, usibaki naye peke yako, jifunge kamba kabla ya kutoka mlangoni, na mwamshe nahodha hata kama amelala dakika kumi zilizopita. Kazi yake ni kuwatenganisha zamu na kuarifu ofisi ya mbio. Redio ya dharura ya setilaiti si ya matusi. Ni ya uhai ulio hatarini, na vitisho vya kweli vya kuua vinahesabika humo. Dada atakayesoma haya ajue kwamba kushikwashikwa au kuchunguliwa kitandani hakupitii hatua ya kuongea na mhusika. Moja kwa moja kwa nahodha akiwa na shahidi, na kwa waandaaji nchi kavu.

Kuhusu sheria tutakuwa wafupi kwa sababu haitakusaidia sana katikati ya maji. Nje ya maili 12 za pwani ya nchi yoyote, boti iko chini ya sheria ya nchi ya bendera yake; angalia nyuma ya boti ujue ni ipi. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unampa baharia haki ya kulalamika bila kulipiziwa, lakini unahusu vyombo vya biashara. Jahazi la mjomba wako limeachwa nje yake kwa kutajwa, na yoti ya starehe yenye watu wa kujitolea kama wewe kwa kawaida haimo. Kilichopo kwako ni Kanuni ya 69 ya Kanuni za Mbio za Matanga, inayohusu mwenendo mbaya. Ripoti hupelekwa kwa kamati ya malalamiko ya mbio, ambayo inaweza kumwonya mtu au kumtoa mashindanoni. Zile kurasa zako za mistari miwili ndizo ushahidi. Kwa kuzungumza na mtu, shirika la ISWAN, linaloshughulikia ustawi wa mabaharia duniani, lina huduma ya simu ya bure ya saa 24 kwa mabaharia, na nyingine maalumu kwa wafanyakazi wa yoti. Ukirudi hapa kwetu Mombasa, kituo cha Mission to Seafarers, shirika la Kikristo la kuwahudumia mabaharia, kiko wazi kwa mabaharia. Na ukifikiria kuingia kazi ya meli baadaye, tangu Januari 2026 mafunzo ya msingi ya usalama ya STCW (mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia) yanajumuisha somo la kuzuia uonevu na unyanyasaji baharini.

Umemalizia kwa kuuliza kama kushuka kutakuharibia jina. Nahodha wa kesho hatauliza kama ulivumilia. Atauliza maili zako. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hata ya kumwomba zile dakika ishirini, mpelekee daftari lako la maili akutilie sahihi ya Durban hadi Cape Town: tarehe ya kuondoka na kufika, jina la boti na urefu wake, maili mlizokwenda, masaa ya usiku uliyosimama zamu. Cheti cha unahodha wa yoti cha Yachtmaster Offshore, kinachotolewa na RYA, chama cha matanga cha Uingereza, kinataka maili 2,500 na siku 50 za baharini, na kipande hicho kimeshakupatia sehemu yake. Sahihi ya nahodha ambaye bado hajaudhika hupatikana kwa urahisi zaidi.